Refa na Jua la Kampala

Hawah alikuwa anachambua mtama wa uji wa futari, sinia juu ya mapaja, Muzamili alipoingia uani na baiskeli yake na kumwambia jambo ambalo hakuwahi kuambiwa na mtoto wala mjukuu yeyote.

"Haboba, Jumamosi ukija uwanjani, usiniite."

Wajukuu wote walimwita Haboba, na huyu ndiye aliyemlea tangu ananyonya, kwa hiyo hakukasirika upesi.

"Nisikuite vipi?"

"Usiniite jina. Usinipungie mkono. Usiniulize kama nimekunywa dawa ya kifua. Siku ile mimi si mjukuu wako, mimi ni refa."

"Basi nikuite Refa."

"Usiniite kabisa."

Hawah akapuliza makapi, akatupa kijiwe kwa kuku. "Sawa. Nitakaa kama sikujui. Na ukianguka, nisikuokote?"

"Refa haanguki," alisema Muzamili. Hapo wote wawili wakacheka, maana mwaka jana kule Abuku alianguka kwenye shimo la panya katikati ya uwanja, filimbi mdomoni, filimbi ikalia yenyewe, na watu wakadhani ni penalti.

Muzamili alikuwa fundi wa baiskeli soko la Koboko. Mikono yake siku zote ilinuka mafuta ya cheni. Lakini ukimuuliza kazi yake, alisema refa kwanza, baiskeli baadaye, ijapokuwa urefa huku vijijini malipo yake ni soda moja na matusi ya kutosha. Hawah aliwahi kumuuliza anapata nini humo. Muzamili alifikiri, akasema, "Watu wote wanataka kushinda, Haboba. Lazima awepo mmoja pale ndani ambaye hataki kitu." Hawah aliyaweka maneno hayo moyoni bila kuyaelewa vizuri.

Jumamosi hiyo ilikuwa fainali ya kombe la Ramadhani, Lobule na Abuku, na zawadi ilikuwa ng'ombe dume wa kuchinjwa Idi. Lakini kwa Muzamili ng'ombe hakuwa kitu. Bwana Shafik, mkaguzi wa marefa, alikuwa anakuja kutoka Arua kumtazama. Akimpitisha, Muzamili angeanza kupewa mechi za Arua mjini, kwenye uwanja wenye nyavu golini na mistari ya chokaa. Alikuwa ameitamani siku hiyo tangu akiwa mdogo, anachora viwanja kwa majivu ya jiko la Hawah, anajipigia filimbi ya jani la muhogo.

Shida ilikuwa moja, na hakuificha. Hawah alizaliwa Lobule, na mume wake mwanajeshi alipofariki alirudi kukaa kwenye shamba la baba yake. Muzamili aliwaambia waandaaji wazi, mbele ya pande zote mbili: haboba wangu anakaa Lobule. Yugu, kapteni wa Abuku, kijana mrefu wa kanisani mwenye miguu kama ya korongo, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi yako anacheza namba ngapi?"

"Hachezi."

"Basi iko shida gani? Wewe piga filimbi."

Na kweli, hakukuwa na mwingine. Refa wa fainali iliyopita alikimbilia kwenye shamba la muhogo bila viatu, na mpaka leo hajarudi kuvichukua.

Jumamosi ilipofika, Hawah alijifunga shuka lake la maua, akapanga kikapu: chupa ya chai yenye uji, tende, vikombe viwili, na simu, kwa ajili ya kumulika njia wakati wa kurudi. Akakaa karibu na goli moja, kwenye kivuli cha kichuguu, pembeni ya mwanamke wa Abuku aitwaye Night, ambaye alikuwa anauza muhogo wa kukaanga na alikuwa ameufunika kwa heshima ya waliofunga.

"Mama, wewe iko upande gani?" Night akamuuliza.

"Mimi niko upande wa kivuli," Hawah akajibu.

Mpira ulichelewa. Kwanza uliisha upepo, ikabidi pampu itafutwe. Halafu ng'ombe wa zawadi alikata kamba akapita katikati ya uwanja, vijana wa timu zote mbili wakamfukuza, na Hawah akasema moyoni kwamba hapo ndipo walipokimbia vizuri kuliko siku nzima. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea milima ya Kongo Muzamili alipowaita makapteni katikati. Alikuwa amevaa fulana nyeusi aliyoipiga pasi usiku, na alipokuwa anasema aliinua sauti ili kila mtu asikie, na Bwana Shafik naye asikie pale alipokaa kwenye kiti cha plastiki.

"Tutaingia kwenye magharibi. Adhana ikilia, nitapiga filimbi ndefu, mpira utasimama, waliofunga watafungua, halafu tutamaliza. Mumesikia? Filimbi ndiyo itasimamisha."

"Tumesikia!"

Hawah alimtazama. Alitaka kumwita. Hakumwita.

Uwanja wa Lobule una ubavu mmoja juu na ubavu mmoja chini, kwa hiyo mpira ukitoka unakwenda kuogea kijitoni. Washika vibendera walikuwa wawili, kila kijiji kimetoa wa kwake. Wa Lobule alikuwa Umaru, fundi cherehani, na yeye kibendera chake kilikuwa kinanyanyuka kila Abuku wanapovuka katikati, hata kama mchezaji anafunga tu kamba za kiatu. Muzamili alikitazama mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akawa anakipita kama mtu anavyopita nguo iliyoanikwa.

"Refa! Hii kibendera haukuona?" Umaru akapiga kelele.

"Nimeiona, mzee. Imenyooshwa vizuri."

Watu wakacheka, na hata Umaru akacheka kidogo. Hawah akaona kwamba mtoto wake alijua kazi. Hakukimbia kama wachezaji. Alikuwa daima mahali ambapo ugomvi ungetokea, kabla haujatokea. Abuku walifunga, Lobule wakarudisha. Matusi yalikuja kutoka pande zote, mengine yakimhusu mama yake Muzamili, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa mtoto wa Hawah. Hawah akayameza yote. Akafikiria kwamba hii ndiyo saumu kubwa kuliko ya njaa, na kwamba Muzamili anaifunga mwaka mzima.

Zikabaki dakika chache. Jua lilikuwa bado halijagusa mlima. Waliofunga walikuwa wamechoka, midomo imekauka, wanakimbia kama watu walio ndani ya maji. Abiriga, kipa wa Lobule, mchoma matofali mwenye hasira za karibu, alikuwa ametundika chupa yake ya maji kwenye mti wa goli lile la karibu na Hawah tayari, na kila mara aliitazama.

Ndipo kikapu cha Hawah kikaanza kuadhini.

Sasa, simu ile alitumiwa na binti yake Jamilah anayekaa Kampala. Jamilah ndiye aliyeweka humo adhana, sauti nzuri sana, lakini ilikuwa inafuata jua la Kampala, na jua la Kampala linazama kabla ya letu. Hawah alilijua hilo tangu siku ya kwanza ya mfungo. Simu ikilia hakuwa anafungua. Aliinuka kwenda kuipua uji, na uji ukipoa kidogo ndipo muadhini wa Lobule anaita. Kwake ilikuwa saa ya jikoni tu. Asubuhi ile aliitia kikapuni kama mtu anavyotia kijiko, wala hakufikiria mara mbili.

Aliingiza mkono haraka, akamwaga tende, akaikuta, akaizima. Haikulia sana. Lakini pale golini ilikuwa imetosha. Mabeki wa Lobule walikuwa wameshasimama. Mmoja alikuwa amekaa chini kabisa, mikono imeinuliwa kwa dua. Abiriga alikuwa ameshika chupa yake, kichwa nyuma, maji yanamshuka shingoni, macho amefumba kama mtoto.

Yugu alikuwa na mpira. Yeye hakuwa amefunga saumu, na hakusikia filimbi. Alipita katikati yao kama anapita sokoni, akausukuma mpira golini kwa upande wa mguu.

Abuku wakalipuka. Muzamili alikuwa mbali, upande wa kijito, alikokuwa anawaachanisha watu wawili wanaovutana jezi. Hakusikia kitu isipokuwa kelele zao. Aligeuka akaona mpira golini, mabeki wamekaa, kipa anakunywa maji. Akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Goli.

"Adhana!" wakapiga kelele Lobule. "Refa, adhana imelia!"

"Filimbi haijalia," alisema Muzamili. "Na mimi adhana sikuisikia. Jua lile pale."

Wote wakageuka kutazama. Jua lilikuwa pale kweli, zima, jekundu, limekaa juu ya mlima kama mtu ambaye hana haraka. Abiriga akaangusha chupa. Tangu mwezi uanze hakula mchana hata siku moja, na sasa alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima, midomo imelowa, na jua linamtazama.

"Nimekunywa," alisema. "Nimekunywa mchana."

Kisha mtu mmoja, Hawah hakujua ni nani, akasema lile neno. "Ni Abuku! Wamewasha adhana kwa simu makusudi, kipa wetu anywe!"

"Imetokea hapa! Hapa karibu na huyu mwanamke!"

Wakamzunguka Night. Hata hawakumpa nafasi ya kusimama. "Lete simu!" "Simu gani? Mimi nauza muhogo!" "Muhogo wa wapi? Wa Abuku!" Mmoja akapiga teke sufuria yake, mafuta yakamwagika kwenye vumbi. Vijana wa Abuku nao wakaanza kuja mbio kutoka upande wa pili, na wengine walikuwa wameshang'oa vijiti vya kona. Muzamili akapiga filimbi, akapiga tena, hakuna aliyemsikiliza.

Hawah alikuwa amekaa na simu chini ya shuka lake, imekufa, bado ina joto la mkono.

Aliona mambo yote kwa pamoja, kama mtu anavyoona ua wake wote akiwa mlangoni. Akinyamaza, goli ni goli. Muzamili ametoa uamuzi wake kwa uaminifu, mkaguzi ameona, Arua inamngoja. Akisema, watasema refa ana bibi, na bibi ameokoa kijiji chake. Nani ataamini kwamba kikongwe amesahau tu? Mtoto alimwomba kitu kimoja maishani: usiniite. Lakini Night alikuwa ameshashika kichwa kwa mikono miwili, anajikinga.

Hawah akainuka. Magoti yalimchelewesha kidogo, kisha akaingia uwanjani na kikapu chake. Watu walimpisha kwa umri wake tu, bila kujua anakokwenda. Akafika mbele ya fulana nyeusi.

"Refa," alisema.

Muzamili akageuka. "Haboba, nilikuambia..."

"Hakuna Haboba hapa. Nimekuita Refa." Akatoa simu, akaiinua juu ili waione wote. "Iliyolia ni hii. Ni yangu mimi. Inafuata jua la Kampala. Mwacheni yule mama wa watu, yeye hana hatia yoyote."

Yugu alikuwa wa kwanza kusema, na hakucheka safari hii.

"Niliuliza bibi anacheza namba ngapi. Sasa nimejua. Ni kipa."

"Yugu..."

"Wewe Refa, mimi nimekosa nini? Adhana si yangu. Mimi nasikia filimbi. Umesema filimbi, sivyo? Watu wote wamesikia."

"Hujakosa," alisema Muzamili.

Macho yake yalikwenda kwenye kiti cha plastiki, na Hawah akayafuata. Bwana Shafik alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna msaada uliotoka kule. Hawah alimtazama mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza akayaelewa yale maneno yake ya siku nyingi. Pale ndani alikuwepo mmoja ambaye hakutakiwa kutaka kitu, na alikuwa anataka sana, na ilimbidi akiweke chini mbele ya macho ya watu.

"Mtazamaji akipiga filimbi yake pembeni na wachezaji wakasimama," Muzamili akasema polepole, "sheria inasema mchezo usimame na mpira udondoshwe. Adhana leo tuliipa kazi ya kuitisha filimbi. Hii imetoka nje ya uwanja, imewadanganya waliomo ndani. Mpira haujaanzishwa tena, kwa hiyo bado naweza kurudi nyuma. Si goli. Nitaudondosha kwa kipa."

Abuku walipiga kelele ambayo Hawah aliisikia masikioni mpaka siku nyingi baadaye. "Refa wa Haboba! Refa wa Haboba!" Vijiti vya kona vikainuka. Na Mungu ana mipango yake, kwani wakati huohuo jua lilitumbukia, na kutoka kwenye msikiti mdogo ng'ambo ya barabara muadhini wa Lobule akaita, yule mwenyewe, na kikohozi chake cha kila siku.

Muzamili akaweka filimbi mdomoni akapiga, ndefu sana, kama alivyoahidi. Vijiti vikashuka. Hata mwenye hasira hawezi kumpiga mtu aliyeinua kikombe cha kwanza.

Hawah akamimina uji. Kikombe kimoja akampa Night, ambaye alisema hakufunga. Hawah akamwambia leo unakunywa hivyohivyo. Cha pili akampelekea Abiriga. Abiriga alikitazama tu.

"Swaumu yangu imekwenda, mama."

"Utailipa siku moja baada ya Idi. Na mimi nitafunga nawe siku hiyo. Kosa ni langu, futari ni yangu."

Giza likaingia, wakakubaliana dakika zilizobaki zichezwe Jumamosi nyingine. Hawah alikuwa anaokota tende zake kwenye vumbi aliposikia Bwana Shafik akisema na Muzamili karibu na baiskeli.

"Uamuzi ulikuwa sawa. Ningefanya vilevile."

"Ahsante, mwalimu."

"Lakini sikupitishi. Uliijua nyumba yako iko wapi, ukapokea mechi."

"Niliwaambia wote. Walikubali."

"Hao kukubali ni rahisi. Kukataa ilikuwa kazi yako. Rudi mwakani."

Njia nzima ya kurudi Muzamili alisukuma baiskeli, na Hawah alimulika mbele yao kwa simu ileile. Mlangoni tu ndipo aliposema, "Ungenyamaza ningepita."

"Najua."

"Wangempiga yule mwanamke?"

"Walikuwa wameshaanza."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli, akaenda Koboko bila kula. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja. Siku ya Idi alikuja kusalimia, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni, akaondoka. Hawah hakumshika. Aliwahi kungoja mvua, aliwahi kungoja mume kutoka vitani. Mtoto mwenye kidonda naye anangojwa.

Jumamosi waliyokubaliana, kabla ya Idi, waliletewa refa mwingine kutoka Arua, na kwenye dakika zile zilizobaki Yugu alifunga tena, goli safi, kila mtu akiwa macho. Ng'ombe akaenda Abuku. Umaru alinyanyua kibendera mpaka kikachanika.

Baada ya Idi, Hawah na Abiriga walifunga ile siku waliyoahidiana. Abiriga alikuja jioni moja kwa moja kutoka tanuri, ameoga lakini bado ana vumbi jekundu kwenye nyusi. Wakakaa uani, uji jikoni, sinia la muhogo na samaki limefunikwa. Mbwa alipobweka wakaona Muzamili anaingia na baiskeli. Aliitegemeza ukutani, akavua viatu, akaja akakaa katikati ya mkeka.

"Leo pia mmefunga?"

"Tunalipa deni la Kampala," alisema Abiriga.

Muzamili akacheka. Hawah hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu siku walipolicheka lile shimo la panya. Akaendelea kukoroga uji, mgongo kwao, ili asiharibu kitu.

"Yugu alikuja kwangu sokoni," Muzamili akasema. "Nilidhani ameleta baiskeli. Kumbe Abuku wana mechi Jumapili na watu wa Vurra. Wanataka refa."

"Wamekosa mwingine?" Abiriga akauliza.

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema wanaweza kumpata mwingine. Lakini wanamtaka yule aliyewanyang'anya goli mbele ya ng'ombe na mkaguzi."

Hawah akaweka mwiko chini. "Na wewe una nyumba yoyote huko Vurra?"

"Sina. Nimefikiria sana kabla sijakubali."

"Haya."

"Na amesema wewe uje, Haboba. Night atakuwekea kivuli. Lakini simu ibaki nyumbani."

Kabla Hawah hajajibu, simu ikaanza kuadhini dirishani, ile sauti nzuri ya Kampala. Mkono wa Abiriga ulikwenda wenyewe kwenye kikombe, ukasimama njiani, ukarudi gotini. Hawah akaipua uji. Wote watatu wakageukia upande wa msikiti, wakakaa wakimngoja muadhini akohoe.